Nenosiri la kompyuta za kanisa si mali ya mtu mmoja

Kuna kanisa moja hapa Malindi, jina tuliweke kando, lenye chumba cha kompyuta nyuma ya ukumbi. Mashine sita, printa moja, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Siku za wiki vijana hujazana pale. Huyu anachagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, yule anajaza fomu ya HELB, mwingine anaomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen ili apeleke hotelini Watamu. Kwa kijana asiye na laputopu wala pesa za saiba, chumba kile ndicho ofisi yake.

Siku moja mashine iliyounganishwa na printa ilisasishwa, ikajizima na kujiwasha, kisha ikatoa ukurasa wa buluu ukidai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Ndani yake mlikuwa na vyeti vilivyoskaniwa, CV na fomu za basari za vijana kadhaa. Ufunguo ulikuwa wapi? Kwenye akaunti binafsi ya Microsoft ya kijana aliyejitolea kuziweka mashine hizo. Naye alikuwa ameshapata kazi Doha, laini yake ya Kenya imezimwa.

Tulimsaka kwa mamake, kwenye WhatsApp, kwa rafiki wa rafiki. Alipopatikana siku tisa baadaye, alituma tarakimu hizo chap chap na kuuliza, "Kwani hakuna aliyekumbuka kuniuliza kabla sijaondoka?" Hakuna. Na siku ya mwisho ya kupeleka fomu za basari ilikuwa imepita.

Hatumlaumu. Alitumia akaunti yake kwa sababu kanisa halikuwa na yake. Lakini tukio hilo linaonyesha tatizo ambalo wengi wetu huku Kilifi, kutoka Mtwapa hadi Mambrui, tunalijua vizuri: kompyuta ni za wote, ila ufunguo wake unatembea mfukoni mwa mtu mmoja.

Upande wa pili ni mbaya vilevile. Kuna vyumba vya kompyuta ambako nenosiri la msimamizi limeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, na kila anayeingia analitumia. Jina la kanisa, halafu 1234. Watu huona ni ukarimu. Kumbe akaunti ya msimamizi ndiyo inayoruhusu kuweka programu, kuzima kinga dhidi ya virusi na kufungua mafaili ya watumiaji wengine. Mtu mmoja akichomeka flashi yenye uchafu, au akipakua gemu la wizi, virusi hupata nguvu zile zile alizo nazo yeye. Mwingine mwenye nia mbaya anaweza kuweka programu ya siri inayonakili kila kinachochapwa. Wewe ukija kesho kuingia HELB au eCitizen, umempa nenosiri lako bila kujua.

Na si mambo ya vijana pekee yaliyo ndani ya mashine hizo. Mara nyingi karani wa kanisa huhifadhi humo daftari la waumini: nani ameoa, watoto wake ni akina nani, simu zao, michango yao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu imani ya mtu, hali yake ya ndoa na majina ya watoto wake kuwa data nyeti. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, anayeisimamia anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kanisa halijasamehewa kwa kuwa ni kanisa. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inasema anayetoa nenosiri kwa makusudi bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, au kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Kwa hiyo kile kikaratasi chini ya kibodi si mchezo.

Wapo watakaosema, "Sisi ni ndugu katika imani, mambo ya kufichana ni ya nini?" Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini tazama sadaka inavyoshughulikiwa. Hakuna mzee wa kanisa anayeenda kuihesabu peke yake chumbani. Huhesabiwa na watu wawili au zaidi, ikaandikwa, ikatiwa sahihi. Akaunti ya benki nayo ina watia sahihi kadhaa. Hakuna anayeona kwamba mhazini ametukanwa. Utaratibu huo humlinda hata yeye, kwamba siku hesabu zikikataa, asinyooshewe kidole peke yake. Kijana anayeshika nenosiri anahitaji ulinzi uo huo. Kitu kikipotea, wa kwanza kushukiwa ni "yule anayejua mambo ya kompyuta."

Basi kifanyike nini? Hakuna hapa linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila mashine iwe na akaunti mbili: ya kawaida kwa watumiaji wote, na ya msimamizi inayofunguliwa tu kukiwa na kazi ya ufundi. Hata anayeshika nenosiri atumie ile ya kawaida anapofanya shughuli zake.

Pili, mashine zisajiliwe kwa barua pepe ya kanisa, si ya mtu. Funguo za BitLocker zichapishwe na kuhifadhiwa.

Tatu, kila mashine iwe na nenosiri lake refu, ili moja likijulikana, zile tano zisalimike. Kampuni kubwa hutumia Windows LAPS, ambayo Microsoft iliijumuisha ndani ya Windows kuanzia Aprili 2023, kubadilisha maneno hayo zenyewe. Kwa mashine sita, programu ya bure ya kutunza maneno ya siri kama KeePass au Bitwarden inatosha.

Nne, watu wawili wawe nayo, tuseme fundi na katibu, na nakala iwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi, ndani ya kabati la ofisi. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe nani kaifungua na kwa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na walisema kabla ya kompyuta.

Tano, nenosiri libadilishwe siku ile mtu anapoondoka au panapotokea shaka. Kulibadilisha kila mwezi kwa mazoea tu hakusaidii. Shirika la viwango la Marekani, NIST, liliacha kupendekeza hivyo tangu 2017, kwa sababu watu huishia kuongeza namba moja mwishoni.

Kwa wazee wa kanisa tunasema: msiwaachie vijana kila kitu kwa kuwa "ni mambo yao." Makabidhiano ya nenosiri yaingie kwenye kumbukumbu za kikao, sawasawa na makabidhiano ya funguo za ukumbi.

Na kwako kijana unayeitwa kila kompyuta ikikwama: sifa unayo, na unastahili. Lakini usijifanye nahodha aliyeficha usukani. Kabla hujapanda basi la Nairobi au ndege ya Ghuba, kaa chini na mwenzako, mfundishe, mkabidhi, mtie sahihi.

Kaunti hii ina historia ndefu ya watu kupata elimu kanisani. Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianzisha misheni yao mwaka 1846, iko hapa hapa Kilifi. Siku hizi kusoma na kuandika kumeingia kwenye kioo. Mlango wa chumba kile nyuma ya ukumbi ukiwa wazi kila asubuhi, kuna dada au kaka ambaye fomu yake ya basari itafika kwa wakati. Wale wa kwetu hazikufika.