Zoloto limesahauliwa

Mwandishi, katika makala yako ya matamshi ya Kiswahili midomo na meno umeyapa nafasi yote, zoloto umelipita mbio. Jaribu hivi: weka kidole kooni, tamka "baba" polepole. Kwa wengi wetu tuliokua na Kiswahili, zoloto hushuka kidogo kabla midomo haijaachana, hewa ikavutwa ndani. Sema "mbaya": halishuki, maana pumzi imeshatangulia puani. Mgeni asiyeshusha zoloto tunamjua papo hapo, hata sarufi yake iwe safi.

Halafu ungepita chuo chetu cha Kurani Kidichi, jirani na hamamu za Kiajemi. Mtoto anayefundishwa makhraji, yaani mahali herufi za Kiarabu zinapotokea, anajua kafu hutoka nyuma ya ulimi, qafu ndani zaidi, karibu na kimio. Hiyo ni fonetiki tosha, bila maabara.