Deni la Mgombea Tunalilipa Sisi

Kila yanapotajwa mambo ya Serikali kugharimia kampeni za urais, ndugu wasomaji, huzuka swali lile lile: kwa nini kodi ya mama muuza samaki ikanunue mabango ya mwanasiasa? Swali lina utamu, ila mama huyo analipa tayari. Tajiri aliyetoa helikopta, fulana, kofia na mafuta ya msafara hakutoa sadaka. Dawa ya deni ni kulipa, na mshindi hulipa kwa zabuni, misamaha ya kodi na vyeo. Gharama humfikia mama pale pale sokoni, bila stakabadhi.

Wamarekani walilishughulikia jambo hili katika miaka ya 1970, na kashfa ya Watergate ikawazidishia haraka. Kwenye fomu yao ya kodi kuna kisanduku kidogo: ukikitia alama, dola moja ya kodi yako (dola tatu tangu 1993) huingia katika mfuko wa kampeni za urais, wala kodi yenyewe haiongezeki hata senti. Mwaka 1976 wagombea urais Ford na Carter walipambana kwa fedha hizo, kila mmoja akipewa takriban dola milioni 21.8. Hata Reagan, aliyekuwa akihubiri kila siku kwamba Serikali ipunguze mkono wake, alizipokea katika chaguzi kuu zake mbili.

Mbona basi mpango ukadorora? Anayepokea hufungwa na kikomo cha matumizi. Asiyetaka, ruksa kwenda zake. Mwaka 2008 mgombea McCain alichukua dola milioni 84.1. Mpinzani wake Obama alikataa, akakusanya mamia ya mamilioni, akashinda. Tangu 2012 hakuna mgombea wa chama kikubwa aliyezigusa katika uchaguzi mkuu. Watetezi wa Obama husema wengi waliomchangia walikuwa watu wadogo. Kweli, lakini mlango alioufungua wamepita na matajiri.

Kwetu Kenya tumepiga hatua nusu. Tuna Hazina ya Vyama vya Siasa, na tuna Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013. Sheria hiyo ilisimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017, kisha kanuni zake zikakataliwa bungeni kabla ya ule wa 2022. Waliokataa ni wale wale ambao zingewabana, nasi wapiga kura tukanyamaza kimya.

Tusinyamaze tena kuelekea 2027. Mbunge wako akija na fulana, mwulize kwanza kama atazipigia kura kanuni hizo. Tudai wagombea urais wapewe fedha za umma pamoja na kikomo, maana kikomo peke yake hakimsaidii mgombea asiye na kitu. Na atakayezikataa, sheria imlazimishe kutangaza wachangiaji wake magazetini, jina kwa jina na kiasi alichotoa kila mmoja, kabla hatujapiga kura.