Dume bora huandikwa, halisimuliwi tu

Wadau, leo tuongelee ubaba. Si ule wa magazeti ya udaku, ubaba wa wanyama.

Kulikuwa na farasi dume wa Kifaransa, Baloubet du Rouet, aliyezaliwa 1989. Kazi yake ilikuwa kuruka viunzi, mgongoni akiwa Mbrazili Rodrigo Pessoa. Walibeba fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huo mara tatu mfululizo: 1998, 1999 na 2000. Mwaka huo huo wa 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, farasi akagoma kuruka mbele ya dunia nzima na wakatolewa. Athens 2004 wakashika nafasi ya pili, kisha wakapewa dhahabu baada ya farasi wa mshindi kutoka Ireland kukutwa na dawa zilizokatazwa.

Kwa wengi habari ingeishia hapo. Lakini thamani kubwa ya Baloubet ilikuwa watoto. Mbegu zake zikatumika mbali na alikozaliwa. Mwanawe Chaman aliruka na Mjerumani Ludger Beerbaum, na mwanawe mwingine, Balou du Rouet, naye akawa dume la mbegu maarufu. Baba yake, Galoubet A, alikuwa kwenye timu ya Ufaransa iliyochukua ubingwa wa dunia 1982. Unaona mnyororo? Babu, baba, mwana, wote wana majina na wameandikwa. Baloubet alikufa 2017, ila ukinunua farasi wa ukoo wake leo, unamkuta kwenye karatasi.

Mtauliza, Mbulu na Hanang wapi na farasi wapi? Kule heshima ni ng'ombe. Na swali langu ni moja tu: lile dume zuri mlilolisifia mwaka jana, watoto wake wako wapi?

Hakuna anayejua. Mama wa ndama anajulikana, amezalia zizini. Baba ni yeyote aliyemuwahi machungani. Halafu Wairaqw wana desturi ya zamani ya kuwekeana ng'ombe kwa jamaa na marafiki, ugonjwa au njaa ikipiga boma moja mtu asiishiwe. Ni bima ya akili sana, ila ndama wa dume moja wanatawanyika vijiji vitano bila hata mstari mmoja wa maandishi.

Kuna baya zaidi. Dume kijana akionekana ana mwili na nguvu, anafanywa nini? Anahasiwa awe maksai wa kuvuta plau, au anapelekwa mnadani kwa sababu ana bei. Anayebaki kupanda majike ni yule ambaye hakuna aliyemtaka. Yaani tunachagua kinyume, halafu tunalalamika kwamba ng'ombe wetu ni wadogo!

Najua jibu la haraka: uhimilishaji. Kituo cha taifa kipo Usa River, Arusha, si mbali kivile. Mbegu zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na dume moja linaweza kuzaa na majike wengi kuliko ambao lingewapanda kwa miguu yake. Kwenye baridi ya milima ya Mbulu, chotara wa Friesian anaweza kufanya vizuri akipata majani na dawa ya kupe. Mimi naunga mkono.

Ila tusiende kichwa kichwa. Marekani kulikuwa na dume la Holstein, Pawnee Farm Arlinda Chief, lililozaliwa 1962. Mabinti zake walitoa maziwa kweli kweli, likatumika mpaka takribani asilimia 14 ya vinasaba vya ukoo mzima wa Holstein vikawa vimetoka kwake. Baadaye sana ikagundulika lilibeba kasoro inayoua ndama tumboni, na inakadiriwa ndama kama 500,000 walipotea duniani. Wenzetu waliigundua kwa sababu walikuwa na rekodi. Sisi tungesema ng'ombe amerogwa.

Na zebu wetu asidharauliwe. Ni mdogo, sawa, lakini anahimili kiangazi na kupe kuliko hao wageni. Hanang malisho yenyewe yalimegwa tangu mashamba ya ngano ya NAFCO yalipochukua maelfu ya ekari za Wabarbaig kuanzia miaka ya 1970. Ng'ombe mkubwa anayekula sana utamlisha wapi? Pengine dume tunalolihitaji zaidi limo humo humo zizini kwetu, na kesho linahasiwa.

Kwa hiyo ninachotaka ni kitu cha bei rahisi. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu 2010, na 2025 serikali ilizindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa hereni. Hereni ikishavikwa, namba ya baba nayo iandikwe. Kijiji kichague madume machache, kiyazuie yasihasiwe wala kuuzwa kabla watoto wake hawajaonekana, na kila baada ya miaka michache kibadilishane na kijiji jirani ili baba asipande binti zake. Daftari la mistari na kalamu vinatosha kuanzia.

Baloubet alipata kila kitu kwa sababu kuna mtu aliandika. Dume la Dongobesh au Endasak linaondoka na sifa zake siku linapopanda lori la mnadani.

Wadau wa Katesh, Haydom na kwingineko, mnasemaje? Nawakilisha.