Hema, Mtoto na Jiko la Mkaa

Mzazi akisema anampeleka mtoto wa mwaka mmoja kulala hemani, swali la kwanza atakaloulizwa linajulikana: na simba je? Ni swali la haki, ila adui mkubwa hajatajwa.

Chukua kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Pundamilia hula nyasi katikati ya mahema, na tembo hufuata maji ya tangi. Mnyama wa namna hiyo unamwona, unatulia ndani, anapita zake. Mwinuko wenyewe una neema yake, maana mbu ni wachache kuliko tambarare.

Lakini kuna baridi. Usiku wa Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, na hapo ndipo mzazi mwenye huruma huingiza jiko la mkaa "lipashe kidogo", kisha akafunga zipu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayopokonya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Mtoto hupumua haraka, hivyo humlewesha mapema. Hakohoi, halii, unadhani kalala. Makaa yaliyofunikwa majivu nayo bado yanaua.

Joto la hemani huanzia chini. Ardhi hunyonya joto la mwili, kwa hiyo mkeka na godoro vitangulie, blanketi lifuate, tena lisimfunike uso. Mavazi yawe tabaka kwa tabaka. Mama aguse shingo kwa nyuma au tumbo; vidole vya mtoto huwa baridi hata akiwa mzima. Na maji ya kunywa yatokote dakika 3, kwani kwenye mwinuko huo huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Wanaokodisha mahema wangeshona onyo la jiko mlangoni, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Gharama yake ni uzi na kitambaa.

Anayeogopa baridi aanzie Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio katika hifadhi za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Ila Mikumi ni tambarare, chandarua hakiachwi nyumbani, na mwana wa miaka 3 akibanwa haja saa tisa usiku, safari yake iishie kwenye poti, humo humo hemani.