Si kila mkonge ukutani ni wa Tingatinga

Jamani, pale mapokezi ya nyumba moja ya wageni hapa Tanga kuna picha ya kuchora. Mistari ya mkonge, reli, korona, na nyuma yake milima ya bluu. Haina jina, sahihi wala mwaka. Ukiuliza unajibiwa chapuchapu: "Hiyo ya Tingatinga mwenyewe, si aliishi huku?"

Kuishi, aliishi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950. Lakini picha zilizompa jina alianza kuzichora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu! Tena alichora zaidi wanyama na ndege, kwa rangi za baiskeli, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi. Hii iko kwenye kitambaa, na milima yake inafifia kadiri inavyokwenda mbali. Huo ni mkono mwingine kabisa.

Kumbandika Tingatinga hapo ni kumpora mtu mwingine jasho lake, hata kama anayebandika anadhani anaipa picha heshima (na bei, tusidanganyane).

Mimi ningeanza na mahali. Milima iliyosimama kama ukuta jirani na reli inanipeleka Mombo na Mazinde kuliko Muheza. Wazee waliokata mkonge huko bado wapo. Waonyeshe picha kwenye simu. Mtu hasahau korona iliyomla ujana wake. Ukishapata shamba, unauliza nani alikuwa akichora pale.

Halafu picha ishushwe, igeuzwe. Nyuma ya fremu ndiko kwenye maandishi ya penseli, muhuri wa duka, bei ya zamani.

Sam Ntiro wa Machame alichora watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya 1956 ilinunuliwa na jumba la MoMA, New York, mwaka 1960. Mchoraji, jina, mwaka, vyote vinajulikana, kwa sababu kuna aliyeandika.

Meneja wa hapa anasema ataishusha siku ukuta utakapopakwa rangi. Nimemwomba mafundi wasianze na msumari kabla mtu hajasoma nyuma.