Mtoto wa kuasili na maswali ya uwanja wa ndege



Tulipokuwa tukisafiri kwenda nje na binti yetu mchanga wa kuasili, afisa mmoja aliuliza mbele ya foleni nzima: "Mama aliyemzaa yuko wapi?" Pasipoti ilikuwa mezani, na amri ya kuasili ya Mahakama Kuu imefunguliwa kwenye ukurasa wenye muhuri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kama tuliyemzaa wenyewe.

Ukaguzi ni lazima, maana wapo watoto wanaosafirishwa kwa hila. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila maswali hayo yaulizwe faragha. Wazazi wenzangu, nakala ya amri iliyothibitishwa ikae kwenye begi la mkononi pamoja na nepi, si kwenye sanduku linalopakiwa. Nao wakuu wa uhamiaji watutengee chumba.

Mzazi,
Dar es Salaam