Anayepanda Mnazi
Wiki hii nilimsindikiza shangazi hospitalini kwenda kupigwa kipimo cha MRI, na nje ya mlango ule mzito nikawa nasikia mashine ikigonga na kunguruma. Mhudumu alituhimiza tuache funguo na simu, kwa kuwa sumaku yake haizimwi hata usiku. Ndani ya sumaku hiyo mna nyaya za niobi na titani zilizozamishwa katika heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya takribani nyuzi 269 chini ya sifuri, ambako umeme hupita bila kipingamizi chochote. Ajabu hiyo aliigundua Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, alipokuwa akipoza zebaki. Alitaka kujua metali hufanya nini kwenye baridi kali. Mashine ya kupima wagonjwa haikuwapo hata katika ndoto. Picha za kwanza za mwili wa mtu hai kwa njia hii zilikuja miaka ya 1970. Anayepanda mnazi, dafu hunywa mjukuu. Fasihi nayo ni hivyo hivyo: Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikusanya mashairi ya Muyaka katika karne ya 19, na leo Muyaka anasomwa vyuo vikuu. Kumdai mtafiti, awe wa fizikia, wa tiba au wa fasihi, aonyeshe faida kabla hajapewa hata senti ni kuihujumu elimu, nalisema hilo kwa uchungu. Wanafunzi walio tayari kwenda visiwani kurekodi tenzi kutoka vinywani mwa wazee wapo. Wanachokosa ni nauli na kinasa sauti.